Nauli ina kikomo, siku hazina: Safari ya mfanyabiashara wa Bariadi wakati wa mikutano mikuu

MFANYABIASHARA wa Bariadi anayekwenda Kariakoo kufuata mzigo huanza hesabu ya safari yake kwenye nauli. Anamuuliza wakala, anabembeleza apunguziwe hata shilingi 2,000, anakata tiketi. Alfajiri yuko stendi na begi lake na mtaji wake, sehemu ikiwa mfukoni na sehemu ikiwa kwenye simu. Kwa wengi hesabu inaishia hapo. Yanayobaki wanamwachia Mungu na dereva.

Hesabu hiyo haitoshi. Katika safari ndefu ya basi, nauli ndiyo gharama pekee iliyowekewa kikomo na mamlaka. Gharama isiyo na kikomo ni siku: siku ya kusubiri kiti, siku ya kulala njiani, siku ambayo duka limefungwa au shamba limekosa msimamizi. Siku hizo hupotea kirahisi zaidi pale jiji ambalo basi linapitia linapokuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa chama cha siasa.

Kwa watu wa Simiyu jiji hilo ni Dodoma, na mfano ulio karibu ni Januari 2025.

Siku 11 za Januari

Jumamosi ya Januari 18 na Jumapili ya Januari 19, 2025, Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilifanya Mkutano Mkuu Maalumu katika Ukumbi wa Jakaya Kikwete jijini Dodoma. Ndio mkutano uliomchagua Stephen Wasira kuwa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho Tanzania Bara, na kumpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea urais wa mwaka huo.

Siku mbili baadaye, Jumanne ya Januari 21, Chama cha Demokrasia na Maendeleo (Chadema) nacho kilianza mkutano wake mkuu katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. Kura zilihesabiwa hadi Januari 22, na Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe katika nafasi ya mwenyekiti.

Kabla vumbi la mikutano hiyo halijatulia, Januari 27 na 28 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kuzungumzia nishati. Safari hii matangazo ya kufungwa kwa baadhi ya barabara za jiji yalitolewa mapema.

Hivyo katika siku 11, kuanzia Januari 18 hadi 28, njia moja ya basi ilikuwa na mikusanyiko mitatu mikubwa: mmoja Dodoma na miwili Dar es Salaam. Aliyetoka Bariadi Ijumaa ya Januari 17 alipita Dodoma wakati wajumbe wa CCM wakikusanyika. Kama alikaa Dar es Salaam siku tatu au nne, alianza kurudi wakati wajumbe wa Chadema wakimaliza kazi yao na kugombea viti vya kurudi mikoani.

Januari yenyewe si mwezi mwepesi kwa Simiyu. Pamba iliyopandwa Novemba na Desemba inataka palizi na dawa za wadudu, na majaruba ya mpunga yanataka watu. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo fedha ya nyumbani imekwenda kwenye sare na madaftari. Mfanyabiashara naye anafuata bidhaa za shule, dawa za kilimo na nguo kwa sababu mauzo ya sikukuu yamemaliza rafu zake. Wanaosafiri mwezi huo ni wale ambao kusubiri ni hasara kwao.

Njia moja, pa kukwepea hapapo

Zamani safari ya kutoka Bariadi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Sasa lami inatoka Bariadi hadi Maswa, kilomita 49.7, na kutoka Maswa hadi Mwigumbi, kilomita 50.3. Hapo Mwigumbi, wilayani Kishapu, basi linaingia barabara kuu ya Mwanza na kuelekea Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, mlima Sekenke, Singida, Manyoni na Bahi, kisha Dodoma.

Ipo njia ya Meatu, inayovuka daraja la Sibiti na kuingia Mkalama. Inamfaa anayekwenda Singida akitokea Mwanhuzi, lakini kwa abiria wa Dar es Salaam haibadilishi jambo kubwa, kwa kuwa naye akifika Singida anashika barabara ileile ya Dodoma.

Ukiangalia ramani ya Dodoma utaona tatizo linapoanzia. Basi kutoka Singida linaingia jijini kwa upande wa magharibi, na Kituo Kikuu cha Mabasi cha Nanenane kiko Nzuguni, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Ili lishushe na kupakia abiria, basi hulazimika kuuvuka mji kwanza. Siku ya kawaida si kitu kikubwa. Siku ya misafara ya viongozi, trafiki akisimamisha magari, basi la Bariadi linasimama na mengine yote.

Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, yenye kilomita 112.3 na iliyowekewa jiwe la msingi Februari 2022, ilibuniwa kupunguza tatizo hilo. Itamfaa zaidi mwenye lori lisilo na sababu ya kuingia mjini. Basi la abiria bado lina watu wa kushusha Nanenane.

Wajumbe wachache, wasafiri wengi

Wengi hudhani mabasi hujaa kwa sababu ya wajumbe. Hesabu inaonyesha vingine. Julai 11, 2020, CCM ilipompitisha John Magufuli kugombea kipindi cha pili, kura zilizopigwa zilikuwa 1,822. Ukiwapakia wapiga kura hao wote kwenye mabasi ya watu 55, unahitaji mabasi 34. Kwa nchi yenye mabasi mengi kama Tanzania, 34 hayawezi kutikisa usafiri.

Kinachotikisa ni msururu unaowafuata. Kuna waalikwa, wapambe, waandishi wa habari, watu wa ulinzi, vikundi vya burudani, madereva, wapishi na wauza kofia, fulana na kanga. Kuna pia wafanyabiashara wanaofuata umati kwa sababu umati unakula na kulala. Wote hawa wanataka viti vya kwenda siku zilezile na viti vya kurudi siku moja.

Sababu ya pili ni mabasi ya kukodi. Kundi la wajumbe linapokodi basi zima, mwenye basi analipwa mara moja, hana haja ya mpiga debe wala wasiwasi wa viti vitupu. Kibiashara ni uamuzi mzuri. Lakini kama basi hilo lilikuwa la safari ya kila siku na halikuwekewa mbadala, viti vyake vyote vimeondoka sokoni kwa siku mbili au tatu. Abiria wa stendi haoni tangazo lolote. Anachosikia ni kauli ya wakala: “Mama, ya kesho imejaa. Labda keshokutwa, tena kiti cha nyuma.”

Sababu ya tatu ni malazi. Dodoma imezoea wageni, hasa wakati wa Bunge la Bajeti linaloanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Hata hivyo, vyumba vya gharama ya chini ndivyo vinavyokimbiliwa kwanza mkutano mkubwa unapofika. Abiria aliyeharibikiwa na safari akifika usiku, anakuta chumba alichozoea kimechukuliwa, na kilichobaki ni cha bei ambayo hakuipangia.

Hesabu ya siku mbili

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipanga upya nauli Desemba 2023. Kwa mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida kikomo kilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kila kilomita. Kwa daraja la kati kilipanda kutoka shilingi 56.88 hadi 67.84. Daladala ya safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600.

Tuchukue kwamba kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,100, makadirio yasiyo mbali na ukweli. Kwa kikomo hicho, nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 53,317. Kwenda na kurudi ni shilingi 106,634.

Sasa tumchukue, kwa mfano tu, mama mwenye duka la vitenge na nguo za watoto mjini Bariadi. Amepanga safari ya siku nne na imekuwa siku sita: amekwama siku moja wakati wa kwenda na siku moja wakati wa kurudi. Tuseme chumba ni shilingi 25,000 kwa usiku. Kwa siku mbili ni 50,000. Chakula na maji ni shilingi 10,000 kwa siku, jumla 20,000. Duka lake, ambalo kwa siku humwachia faida ya shilingi 20,000, halikufunguliwa siku hizo mbili. Hiyo ni 40,000. Jumla ni shilingi 110,000.

Siku mbili zimekula fedha nyingi kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Yule mama aliyebembeleza shilingi 2,000 kwa wakala amepoteza mara 55 ya kiasi hicho, na hakuna aliyemwibia.

Mkulima atauelewa uzito huo vizuri zaidi ukipimwa kwa pamba. Kwa bei ya shilingi 1,150 kwa kilo iliyotangazwa msimu wa 2024, shilingi 110,000 ni takriban kilo 96. Hizo ni kilo zilizopandwa, zikapaliliwa, zikapuliziwa dawa na kuchumwa kwa mikono, kisha zikaishia kwenye chumba cha kulala wageni na sahani za wali wa njiani. Aliyebeba michembe na karanga zake kutoka nyumbani ameokoa kidogo, lakini chumba hakilipwi kwa michembe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara wengi wana daftari la mauzo na la madeni. Walio na ukurasa wa siku zilizopotea njiani ni wachache, na kwa sababu hiyo hasara hii haionekani. Mwisho wa mwezi mtu analaumu bei ya jumla au ushindani wa jirani, kumbe faida ilibaki Dodoma.

Kalenda ya chama na kalenda ya shamba

Jambo la kutia moyo ni kwamba mikutano hii si ajali ya barabarani. Mingi ina majira yake.

Mikutano mikuu ya CCM ya uchaguzi wa ndani ya chama ilifanyika Dodoma Novemba 2012, Desemba 2017 na Desemba 2022. Utaratibu huo wa miaka mitano ukiendelea, mwingine ni wa mwaka 2027, kuelekea mwisho wa mwaka. Kwa mkulima wa Simiyu huo ni wakati wa mbegu na jembe. Kwa mfanyabiashara ni wakati wa mzigo wa Krismasi. Usafiri wa Desemba hubana hata pasipo mkutano.

Mikutano ya kuteua mgombea urais ilifanyika Julai 2015 na Julai 2020. Julai ni mwezi ambao fedha ya pamba iko mkononi na dengu zinaingia sokoni. Ndio mwezi ambao watu wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu wananunua mabati, baiskeli na vitenge, na wenye maduka wanakwenda Kariakoo mara kwa mara. Mkutano wa Julai, basi, unamgusa mfanyabiashara wa Simiyu wakati biashara yake iko kwenye kilele.

Hata hivyo kalenda hubadilika. Mwaka 2025 uteuzi ulifanyika Januari badala ya Julai, na mkutano mwingine ukafanyika Dodoma Mei 29 na 30, wakati Bunge la Bajeti likiendelea. Aliyetegemea mazoea peke yake alipitwa. Kinachohitajika ni kufuatilia taarifa za redio na magazeti kabla ya kukata tiketi, kama anavyofanya mkulima na taarifa ya mvua kabla ya kumwaga mbegu.

Bariadi nayo iliwahi kuwa mwenyeji

Watu wa Bariadi wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, Maonesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji. Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012 ulikuwa bado mchanga, na mji wake mkuu ukapokea wageni kutoka kila pembe ya nchi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenye vyumba, mama lishe, waendesha bodaboda na wauza kuku waliujua ukweli wa msemo huo. Lakini umati unaomnufaisha mwenyeji unamgharimu mpita njia. Abiria aliyetoka Lamadi kwenda Maswa bila shughuli na maonesho alikutana na umati uleule, bila kuuza hata andazi moja.

Ndivyo alivyo mfanyabiashara wa Bariadi anapopita Dodoma wiki ya mkutano: amebeba gharama ya umati bila kupata faida yake. Njia za kutoka hapo ni mbili: kuukwepa umati au kuuuzia.

Kuuuzia kuna masharti. Kuku hawafai, maana Singida iko njiani na iko karibu zaidi na Dodoma. Mchele wa Maswa na Bariadi unaweza kufika, lakini unashindana na ule wa Shinyanga na Nzega. Anayetaka kupeleka apeleke kwa oda, akiwa na mnunuzi anayejulikana na malipo ya awali, wiki mbili au tatu kabla ya mkutano, wakati wapishi na wenye hoteli wanajaza stoo zao. Kupakia magunia siku ya mkutano kwa matumaini ya kupata mteja stendi ni kucheza kamari na mazao.

Nini kifanyike

Kwanza, mfanyabiashara atenge siku mbili kabla na siku mbili baada ya mkutano kuwa siku za kutosafiri. Kama mzigo ni wa lazima, aufuate wiki moja kabla.

Pili, wenye maduka waungane. Wafanyabiashara watano wakimtuma mmoja mwaminifu, wanalipa nauli moja badala ya tano, na akikwama yeye, maduka mengine manne yako wazi. Kwa mteja wa muda mrefu, muuzaji wa Kariakoo anaweza kulipwa kwa simu na kutuma mzigo kwa basi au lori. Mzigo haulali gesti wala hauli chakula. La msingi ni risiti inayoonyesha kilichomo, idadi na thamani, kwani risiti iliyoandikwa “kifurushi kimoja” haimsaidii mtu belo likipotea.

Tatu, akate tiketi ya kurudi siku anapokata ya kwenda, na jina, tarehe na kiasi alicholipa visomeke kwenye tiketi. Akitozwa zaidi ya kikomo, tiketi hiyo ndiyo ushahidi wake mbele ya LATRA.

Nne, afikirie kugawa safari. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inasafirisha abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Kwa kilomita 450 za basi la kawaida, kikomo cha Desemba 2023 kinatoa shilingi 21,812. Tofauti ni shilingi 9,188, lakini treni haikutani na foleni ya Mbezi, na stesheni yake iko karibu na Kariakoo. Nayo hujaa wiki ya mkutano, kwa hiyo nafasi itafutwe mapema.

Tano, tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku. Safari ya kilomita 1,100 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni karibu saa 14 bila kusimama. Anayechagua basi la kupita Dodoma usiku wa manane huenda akaikwepa misafara ya mchana.

Yapo pia yasiyo ya abiria. Mwenye basi anayetaka kulikodisha kwa chama chochote ahakikishe safari yake ya kila siku ina gari mbadala, na wanaotoa vibali vya kukodi walitazame hilo kabla ya kutia saini. Vyama vinavyoandaa mikutano vitangaze mapema tarehe na barabara zitakazoguswa, na matangazo hayo yabandikwe hadi stendi za Bariadi, Maswa na Lamadi. Wanaoumia wengi wako huko, mbali na ukumbi.

Kwamba mambo yanaweza kwenda tofauti kumeshaonekana. Julai 26, 2025, CCM ilifanya Mkutano Mkuu Maalumu kwa njia ya mtandao kurekebisha katiba yake, wajumbe wakishiriki kutoka mikoani mwao. Si kila mkutano unaweza kufanywa hivyo, na wenye hoteli wa Dodoma wasingependa iwe hivyo. Kwa abiria wa Bariadi, siku hiyo basi lilikuwa lake.

Mpaka hapo mikutano ya mtandao itakapozoeleka, mfanyabiashara aongeze ukurasa mmoja kwenye daftari lake. Aandike siku aliyoondoka, siku aliyopanga kurudi na siku aliyorudi kweli. Tofauti ya hizo mbili za mwisho aizidishe kwa faida ya duka kwa siku, ajumlishe chumba na chakula. Baada ya safari tatu atajua kama hasara yake iko kwenye nauli au iko kwenye tarehe aliyochagua kusafiri.